Helikopta ya vita: nini inaweza kufanya, nini haiwezi

Kila mara mapigano yanapokaribia vijiji vyetu, swali moja linarudi: sokoni, kwenye moto, na kwenye simu za wasikilizaji. Helikopta iko wapi? Na kama ilikuja, swali linageuka: ilikuja, ikapiga, mbona adui yuko bado pale mlimani? Wengine wanaenda mbali zaidi. Wanasema ati helikopta ya ONU inawapelekea waasi masasi.

Maswali hayo yana msingi. Wakaaji wa Rutshuru, Masisi, Nyiragongo, Beni na Ituri wameona helikopta za vita kwa zaidi ya miaka kumi na tano, lakini ni wachache walioelezwa namna ile mashine inavyofanya kazi. Hapa tunaeleza kwa lugha nyepesi: ni chombo gani, kina nguvu gani, kinashindwa wapi, na historia ya hapa kwetu inatufundisha nini.

Jibu fupi ni hili. Helikopta ya vita inaweza kuvunja shambulio. Haiwezi kushika kilima. Mtu asiyejua tofauti hiyo anaweza kukawia kukimbia akingojea msaada wa angani, na kukawia huko kunaweza kumgharimu maisha yake na ya watoto wake.

Namna ya kuitambua

Si kila helikopta inayopita juu yetu ni ya vita. Nyingi ni za kubeba watu na mizigo. Zile za Mi-8 na Mi-17, ambazo tunaziona sana, zina tumbo kubwa, pua ya mviringo, madirisha ya duara pembeni na mlango wa nyuma wa kuingiza mizigo. Zinabeba chakula cha askari, wagonjwa, maofisa, hata karatasi za uchaguzi. Oryx ya Afrika ya Kusini pia ni ya kubeba.

Helikopta ya vita yenyewe ina mwili mwembamba. Watu wawili wanakaa mmoja mbele na mwingine nyuma yake: mmoja anaendesha, mwingine anashugulika na silaha. Pembeni kuna mabawa mafupi, na chini ya mabawa kunaning'inia silaha. Kama unaona mitungi ya duara yenye matundu mengi mbele, hiyo ni mitungi ya roketi. Chini ya pua au ubavuni kuna bunduki kubwa.

Ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu ni Cobra ya Marekani, iliyoanza kazi katika vita vya Vietnam mwaka 1967. Warusi wakaleta Mi-24, iliyoingia jeshini miaka ya 1970. Ndiyo inayojulikana zaidi Afrika, na ile inayouzwa inchi za inje inaitwa mara nyingi Mi-35. Mi-24 ina jambo ambalo nyingine hazina: nyuma ya marubani kuna nafasi ya askari wanane. Marekani kisha ikatengeneza Apache, na Afrika ya Kusini ikatengeneza Rooivalk, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1990. Rooivalk za kazi zilizotengenezwa ni 12 tu, na moja kati yake iliharibika kabisa katika ajali.

Hapa Congo tumeona Mi-24 za FARDC, Mi-25 na Mi-35 za kikosi cha India wakati wa MONUC, Mi-24 za kikosi cha Ukraine katika MONUSCO, na Rooivalk za Afrika ya Kusini. Zile za ONU zimepakwa rangi nyeupe na maandishi meusi ya UN. Za FARDC zina rangi za kijeshi.

Nguvu yake

Ya kwanza ni mbio. Mi-24 inaweza kupita kilometre 300 kwa saa. Kutoka Goma kwenda Beni, kwa mstari wa angani, ni karibu kilometre 240. Gari la jeshi kwenye barabara zetu linaweza kumaliza siku mbili, na wakati wa mvua zaidi. Helikopta inachukua chini ya saa moja. Haisumbuliwi na matope wala daraja lililovunjika, na hakuna wa kuitegea njiani kwenye kona ya msitu.

Ya pili ni nguvu ya moto. Kwa Mi-24, kutegemea aina, bunduki ni ya milimita 12.7, 23 au 30. Roketi zake zilizo nyingi ni za milimita 80. Rooivalk ina bunduki ya milimita 20 inayoweza kugeuka upande na upande, na roketi za milimita 70. Helikopta mbili zikija pamoja, kwa dakika chache zinatupa moto ambao kampuni nzima ya askari wa miguu haiwezi kuutupa kwa muda huo.

Ya tatu ni kuona kutoka juu. Askari aliye chini bondeni hajui nyuma ya kilima kuna nini. Rubani anaona kilima, nyuma yake, barabara na daraja kwa mara moja. Kama adui anasogea kwa msururu barabarani, kama anavuta mzinga, kama ana magari, hapo helikopta ni hatari kabisa kwake.

Ya nne ni woga. Sauti yake inasikika mbali. Wapiganaji wanatawanyika, wanaacha silaha nzito, wanajificha. Hata bila kupiga risasi, helikopta inaweza kusimamisha mwendo wa kundi kwa saa nzima. Kwa wakaaji wanaokimbia, saa moja ni kitu kikubwa.

Milima yetu na hewa nyepesi

Sasa tuje kwenye mipaka yake. Wa kwanza unatokana na nafasi tunayoishi.

Helikopta inabebwa na hewa. Mapanga yake yanasukuma hewa chini, na hewa inaisukuma juu. Tukipanda mlima, hewa inakuwa nyepesi. Kwenye kimo cha metre 1,500, kimo cha Goma na Bukavu, hewa ina uzito wa karibu asilimia 86 ya ile ya pwani ya bahari. Kwenye metre 3,000 inabaki karibu asilimia 74. Joto la mchana linaipunguza tena. Mapanga yanashika hewa kidogo, na injini pia inapata hewa kidogo ya kuchoma mafuta.

Vilima vingi vya Masisi vinapita metre 2,000. Nyiragongo ina metre 3,470. Mi-24 iliyojaa inafika karibu tani 12. Mashine ya uzito huo haiwezi kusimama tu angani juu ya vilima hivyo sawa na tunavyoona kwenye sinema. Lazima iendelee kwenda mbele, kwa sababu ikiwa na mbio mabawa yake mafupi yanasaidia kuibeba. Ndiyo maana unaiona inapita, inapiga, inazunguka mbali, kisha inarudi. Haiogopi, ni uzito unaiendesha.

Ili kupanda milimani, wanapaswa kuchagua: mafuta mengi na silaha kidogo, au silaha nyingi na mafuta kidogo. Ikiwa imejaa vyote, Mi-24 inahitaji kukimbia kwanza kwenye uwanja sawa na ndege ya kawaida mbele ya kuruka. Kumbe uwanja wa ndege ni sehemu ya nguvu yake. Vita vilipofika ndani ya Goma mwezi wa kwanza 2025 na uwanja ukafungwa, sehemu kubwa ya Kivu ya Kaskazini ilibaki mbali na kituo chochote kikubwa cha helikopta.

Mafuta na saa

Kwa mafuta yake ya kawaida, Mi-24 inaweza kusafiri karibu kilometre 450. Rooivalk inafika karibu 700. Inaonekana mingi, lakini tufanye hesabu. Kama vita iko kilometre 150 kutoka kituo, Mi-24 inatumia kilometre 300 kwa kwenda na kurudi tu. Kinachobaki ni kidogo: nusu saa, pengine chini ya hapo, ya kutafuta adui, kuhakikisha, kupiga na kuondoka. Inaweza kuongezewa mitungi ya mafuta chini ya mabawa, lakini mitungi hiyo inachukua nafasi ya roketi.

Adui anayejua hesabu hiyo anajificha tu. Anangoja sauti iishe, kisha anatoka tena.

Hali ya hewa nayo ina neno. Asubuhi ukungu unafunika mabonde ya Rutshuru na Masisi. Mchana, wakati wa mvua, mawingu yanashuka hadi kwenye vilima. Rubani asiyeona mlima anaweza kuugonga. Usiku, Rooivalk na mashine za kisasa zina vyombo vya kuona joto la mwili, lakini Mi-24 za zamani hazina uwezo mkubwa gizani. Na makundi mengi hapa kwetu yanashambulia usiku au alfajiri.

Macho yanayokosea

Huu ndio mpaka mkubwa kwa raia.

Rubani anapiga akiwa mbali, mara nyingi zaidi ya kilometre moja. Kwa umbali huo mtu ni kitone. Mpiganaji anayevaa nguo za raia na mkulima anayebeba jembe begani wanafanana. Mama mwenye mzigo kichwani na askari mwenye sanduku la masasi wanafanana. Chini ya miti ya Virunga au kwenye migomba, haoni mtu kabisa.

Tena, roketi zake nyingi hazina akili ya kujiongoza. Zinafyatuliwa kwa kundi na kutawanyika kwenye eneo. Zikielekezwa kwenye kilima kitupu chenye mzinga wa adui, ni sawa. Zikielekezwa kwenye kijiji ambamo wapiganaji wamechanganyika na wakaaji, hakuna rubani anayeweza kuahidi kwamba mtoto hatapatikana.

Sheria ya vita inasema wazi. Mikataba ya Geneva ya 1949 na protokole zake za 1977 zinalazimisha wapiganaji kutofautisha raia na askari. Kama huwezi kuhakikisha, raia anahesabiwa kuwa raia, na hauna haki ya kupiga. Sheria hiyo inakataza pia kundi lolote kujificha nyuma ya raia kama ngao. Kwa hiyo wakati mwingine helikopta inazunguka juu ya kijiji, kisha inarudi bila kupiga hata risasi moja. Watu wanakasirika: ilikuja kutazama tu! Lakini pengine rubani aliona watoto kati ya nyumba.

Ili macho ya juu yawe na maana, yanahitaji macho ya chini: askari aliyefundishwa, mwenye radio, anayesema kwa hakika, "Adui yuko pale kwenye ule mti, raia wako upande huu." Bila yeye, helikopta ni kipofu mwenye bunduki kubwa.

Inaweza kuangushwa

Wengi wanafikiri ile ni chuma kisichopigika. Ni kweli kwamba Mi-24 ina kinga: sehemu ya marubani imezungushiwa chuma kigumu, na kioo cha mbele kinahimili masasi ya bunduki za kawaida. Lakini mkia, mabomba ya mafuta na sehemu za mapanga haziwezi kufunikwa zote. Bunduki kubwa ya 12.7 iliyofungwa mlimani inaweza kuiumiza vibaya. RPG ikiipata karibu na ardhi inaweza kuimaliza. Na kuna makombora ya kufyatulia begani, yanayofuata joto la injini. Kule Afganistani, tangu 1986, wapiganaji waliopata makombora ya Stinger kutoka Marekani waliwalazimisha marubani wa Kisovieti kubadilisha namna yao yote ya kuruka.

Hapa kwetu tumelipa pia. Tarehe 29 Machi 2022, helikopta ya Puma ya MONUSCO, ya kikosi cha Pakistani, ilianguka katika eneo la Tshanzu, Rutshuru. Ilikuwa kwenye kazi ya upelelezi. Watu wote 8 waliokuwa ndani walikufa. FARDC iliwashutumu M23, nao M23 wakakana. Tarehe 5 Februari 2023, Oryx ya Afrika ya Kusini iliyotoka Beni ilipigwa masasi ikiwa angani. Mmoja alikufa, mwingine akajeruhiwa, lakini rubani aliweza kuifikisha Goma. Hizo mbili ni helikopta za kubeba, si za vita, lakini masasi hayaulizi aina.

Helikopta ina mwenyewe

Jambo ambalo watu wanasahau: ONU haina helikopta yake ya vita. Inakopeshwa na mainchi. Inchi ikizihitaji nyumbani, zinaondoka. India iliondoa zake mwaka 2011. Ukraine ilizichukua zake mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia: askari karibu 250 na helikopta 8 za aina mbalimbali waliondoka MONUSCO. Vita ya Ulaya ilipunguza nguvu ya angani hapa Kivu.

Na kila helikopta inahitaji mafundi, vipuri na saa nyingi za kutengenezwa kwa kila saa ya kuruka. Jeshi linaweza kuwa na helikopta sita kwenye karatasi na mbili tu zinazoruka.

Mara nne karibu na Goma

Sasa tuangalie historia, kwa sababu hapa ndipo somo linaonekana vizuri.

Novemba 2006. Wapiganaji wa Laurent Nkunda wanaingia Sake na kuelekea Goma. MONUC inatuma helikopta za vita, lakini haizitumi peke yake: askari wake wa miguu na magari ya blinde wako barabarani. Wapiganaji wanapigwa, wanarudi nyuma. Goma haiingiwi.

Oktoba 2008. Nkunda anakuja tena, na kundi lake la CNDP. Helikopta za MONUC zinapiga upande wa Kibumba. Lakini chini, askari wa serikali wanavunjika na kukimbia. Rutshuru inaanguka. Tarehe 29 wapiganaji wako mlangoni mwa Goma. Wanasimama kwa sababu Nkunda mwenyewe anatangaza kusimamisha vita.

Novemba 2012. Sasa ni M23. Tarehe 17 helikopta za MONUSCO zinapiga mara kadhaa upande wa Kibumba. Siku tatu kisha, tarehe 20, M23 wanaingia Goma. Askari wa ONU wako mjini, hawapigani kuwazuia. Waasi wanaondoka mwanzo wa Desemba, kisha mazungumzo na shinikizo la mainchi ya jirani, si kwa sababu ya helikopta.

Oktoba na Novemba 2013. Mambo yamebadilika. Azimio 2098 la Baraza la Usalama, la tarehe 28 Machi, limeunda brigade ya kuingilia kati ya askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, wenye amri ya kushambulia. FARDC nayo imepangwa upya. Askari wa miguu wanapanda, mizinga inapiga, helikopta zinafuata. Kibumba, Rumangabo, Rutshuru, kisha Bunagana vinarudi mkononi mwa serikali. Tarehe 4 Novemba, Rooivalk zinapiga roketi kwenye vilima vya Tshanzu. Ilikuwa mara yao ya kwanza kabisa kupigana vitani. Kesho yake, tarehe 5, M23 wanatangaza mwisho wa vita vyao.

Tukilinganisha 2012 na 2013, helikopta haikuwa kitu kilichokosekana 2012. Kilichokosekana ni watu wa chini wenye amri, mpango na nia ya kubaki. Tena 2013 kulikuwa na shinikizo kubwa la kidiplomasia na la pesa juu ya mainchi yaliyoshutumiwa kusaidia M23. Helikopta ilikuwa msumari mmoja kati ya misumari mingi.

Na Tshanzu? Ni eneo lile lile ambalo Puma iliangukia mwaka 2022. Kilima kilichopigwa kwa roketi mwaka 2013 kilirudi kuwa uwanja wa vita miaka minane na nusu baadaye. Roketi zilikisafisha, lakini hazikuweza kukilinda.

Inchi zingine zimejifunza nini

Somo hili si letu peke yetu. Machi 2003, karibu na Karbala, Irak, karibu helikopta 30 za Apache za Marekani zilitumwa usiku kushambulia kikosi cha Saddam Hussein, mbali na askari wao wa chini. Wairaki waliwangoja kwa bunduki za kila aina, juu ya manyumba na kwenye miti. Karibu zote zilirudi na matundu ya masasi. Moja ilibaki pale, na marubani wake wawili wakakamatwa. Hapo tunazungumuza juu ya jeshi lenye pesa kuliko yote duniani.

Katika vita vya Ukraine, Urusi ilipoteza helikopta nyingi za Ka-52 mwaka 2022 kwa kuzipeleka karibu sana na makombora ya begani. Mwaka 2023 wakabadilisha: zikakaa mbali, nyuma ya mstari wao, na kufyatua makombora ya kujiongoza juu ya vifaru vya Ukraine vilivyokuwa vinasonga mbele kwenye tambarare. Hapo zilifanya kazi kubwa. Helikopta ile ile, matumizi tofauti, matokeo tofauti. Lakini tukumbuke: kule kulikuwa vifaru kwenye mashamba ya wazi. Hapa kwetu ni watu wa miguu chini ya migomba.

Na drone?

Watu wanauliza kama drone zitachukua nafasi yake. Kwa sehemu, tayari. Drone inakaa angani saa nyingi, haina rubani wa kuuawa, na bei yake ni ndogo. Japani iliamua mwishoni mwa 2022 kuacha polepole helikopta zake za vita na kuweka drone. Congo nayo ilinunua drone za CH-4 kutoka China.

Lakini mipaka mingine inabaki ile ile. Drone pia haishiki kilima. Kamera yake pia inaweza kumwona mkulima kama mpiganaji. Na yenyewe pia inaweza kuangushwa.

Juu ya uvumi wa helikopta na waasi

Tumeusikia mara nyingi: helikopta nyeupe ilitua msituni usiku, ikawaachia waasi silaha. Kila habari ya namna hiyo inapaswa kuchunguzwa peke yake. Lakini mbele ya kuisambaza kwenye WhatsApp, ujiulize mambo matatu. Ilikuwa ya vita au ya kubeba? Kuna kituo cha askari wa ONU, hospitali au shirika karibu na pale ilipotua? Na nani aliiona kwa macho yake, si aliyesikia kwa mwingine? Vituo vingi vya milimani vinaletewa chakula na maji kwa helikopta kwa sababu barabara haipo. Uvumi mmoja unaweza kuwafanya vijana watupie mawe helikopta iliyokuja kubeba mwanamke anayezaa.

Helikopta ikija, raia afanye nini?

Usikimbilie inje kutazama wala kupiga video. Usisimame kwenye kundi barabarani.

Jitenge na nafasi ya askari au wapiganaji wa upande wowote: kambi, kizuizi, mzinga, gari lao. Hapo ndipo panapolengwa.

Kama uko shambani na unasikia milio, lala chini kwenye mtaro au nyuma ya udongo mnene. Ukuta wa mbao au wa mabati hauzuii masasi ya milimita 20.

Kisha mapigano, usiguse chuma chochote kilichobaki. Roketi zingine hazilipuki zinapoanguka, zinangoja mtu. Weka alama mbali kidogo, kwa matawi au mawe, kataza watoto, mjulishe shefu wa kijiji ili wanaotegua mabomu waitwe. Usiuze wala kununua vyuma hivyo kama vyuma chakavu.

Na la mwisho: usipange usalama wa jamaa yako juu ya helikopta. Kama shefu, shirika la kiraia au macho yako mwenyewe yanakuambia hatari iko karibu, ondoka mapema. Helikopta inaweza kufika, au ukungu unaweza kuizuia.

Kwa viongozi wetu, swali la kuuliza kwenye mikutano ya usalama si "helikopta iko wapi" peke yake. Waulizwe pia hivi: ikishapiga na kuondoka, nani atapanda kile kilima, nani atalala pale, na atakula nini ili asishuke kesho yake?